Beberu Wako Amekuwa Shetani wa Sinema

Baba yangu,

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Meneja, beberu wako mweusi uliyemlea kwa maziwa ya chupa, sasa ni nyota wa sinema ya kutisha, na umaarufu huohuo nusura umletee kisu shingoni. Nimekaa hapa Mlandege kwenye cherehani yangu, wateja wanasubiri sare za shule, na mimi nakuandikia habari za mbuzi. Wasubiri tu. Nikinyamaza nitapasuka.

Unakumbuka siku yule kijana Gwamaka alipofika nyumbani na wenzake kutoka Mbeya? Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni choo kilipo. Mimi nilikuwa nimekuja kukuletea sukari na sabuni. Kijana akaeleza kwamba wanatengeneza sinema kule juu, kwenye ile nyumba ya mzungu iliyoachwa, yenye dohani na madirisha yaliyooza. Familia inahamia humo, halafu kila jioni beberu mweusi anasimama dirishani anawatazama, na kila akitazama, mtu mmoja anakufa. Hasemi, hapigi pembe, anatazama tu. Ulimsikiliza mikono mgongoni, kisha ukauliza, "Sasa huyo mbuzi anawaua kwa kosa gani?"

Gwamaka akababaika. "Mzee, yule ni Shetani."

Ukamgeukia Meneja, ambaye wakati huo alikuwa anatafuna shati lako kwenye kamba, ukamwambia, "Umesikia? Umepandishwa cheo."

Jina la Meneja ulimpa tangu akiwa mdogo. Ulisema anazunguka eneo zima, tumbo mbele, anakagua kila kitu na kazi hafanyi. Wewe uliyefanya kazi kiwanda cha karatasi cha Mgololo mpaka ukastaafu, nani angekubishia? Na zile pembe! Na zile ndevu! Mtu asiyemjua akikutana naye kwenye ukungu lazima aanze Baba Yetu uliye mbinguni. Sisi wa nyumbani tulijua kwamba anaogopa kuku.

Hiyo sinema yenyewe sasa, jamani! Mimi nilipewa kazi ya kushona nguo nyeusi za waigizaji, ndiyo maana niliyaona yote. Siku ya kwanza yule dada wa kuigiza maiti alilazwa sakafuni, kapakwa shingoni damu ya rozela iliyochemshwa na sukari. Kimya. Ukungu unaingia dirishani. Meneja akaja taratibu, akainama juu ya maiti, akaanza kulamba. Maiti ikacheka. Wakarudia. Maiti ikacheka mpaka ikaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Gwamaka akashika kichwa: "Mzee, huyu mbuzi ana upendo mno!"

Nawe ukajibu kwa kiburi kabisa, "Amelelewa."

Kuna jambo jingine lililowasumbua zaidi. Meneja hakuwa na habari na kamera, alikuwa anakutazama wewe. Ukienda kushoto, shingo kushoto. Ukijificha nyuma ya nyumba, anaacha sinema yao anakufuata, tena anaburuta na pazia nililolishona kwa siku nzima. Ndipo Gwamaka akapata akili, akakusimamisha ubavuni mwa kamera, ukaambiwa utulie hapo. Na kweli! Meneja akikuona pale anasimama wima, hatafuni, hapepesi macho. Wale vijana walisisimka mwili. "Hiyo ndiyo hofu, Mzee! Hapohapo!" Hofu gani? Mimi nilikuwa naona mbuzi anayempenda mtu wake. Ulisimama pale asubuhi mpaka jioni, miguu imekufa ganzi, na nilipokuletea kiti ulikikataa, ukasema ukikaa hatakuona vizuri.

Ulikuwa unaumwa tayari, Baba. Hukumwambia mtu.

Habari zikafika kanisani kabla sinema haijaisha. Mzee wa kanisa amemtoa beberu wake awe Shetani! Mchungaji akakuita. Nilikusindikiza nikijua leo baba yangu anatengwa, na umri ule. Mchungaji akazungumza kwa upole kuhusu ushuhuda mbaya mbele ya washarika. Ukavua kofia, ukasikiliza mpaka mwisho, ukamjibu: "Mchungaji, mimi naweza kutengwa, sawa. Lakini mbuzi hajabatizwa wala hajapata kipaimara. Yeye mtamtenga na nini?" Mchungaji akajifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Habari ya kutengwa hatukuisikia tena, ila akina mama wa kwaya wakaanza kupita mbali na zizi lako.

Mvua zilipoanza ukalala kitandani. Nilifunga ofisi nikaja kukuuguza. Hukuwa unaongea sana, lakini siku moja ulinishika mkono ukasema, "Meneja msimchinje. Mwacheni azeeke." Nikasema sawa, Baba. Nilidhani ni jambo jepesi. Kumbe ulinitwisha mzigo, maana mimi ni binti, tena wa mwisho, na kwenye kikao cha ukoo wetu kazi yangu ni kumimina chai.

Mdogo wako hakukuwahi. Mvua ilimkamata kule Madibira kwenye mpunga wake, barabara imejaa maji, akafika tumeshakuzika. Baba mdogo unamjua. Hakutoa hata chozi. Alizunguka kaburi, akakohoa, akaanza kutoa amri: viti viende huku, kuni zipasuliwe pale, nani ameweka turubai hivi? Na siku ya kupanga matanga akatangaza, "Beberu wa kaka anachinjwa siku ya kumaliza matanga. Ndiyo desturi yetu. Na isitoshe, watu wanasema ni Shetani."

Nikaweka birika chini. "Baba alikataa asichinjwe."

"Alikuambia wewe? Nani mwingine alisikia?"

Hakuna aliyesikia. Wazee wote wakaanza kuangalia vikombe vyao. Yaani Baba, ungesema mbele ya mtu hata mmoja! Nilikukasirikia siku ile, sikufichi. Nikaenda zizini kulia, na Meneja, badala ya kunifariji, akanila kitambaa cha kichwa.

Jumapili kabla ya matanga Gwamaka akaleta sinema imekamilika. Alitaka ionyeshwe kwanza kijijini kwetu kwa heshima yako. Ikapangwa iwe baada ya ibada, pale senta, kwenye lile banda umiza la mabati la kuonyeshea video, madirisha yamezibwa kwa magunia ili kuwe na giza. Watu walijaa pomoni. Hata wale akina mama wa kwaya walikuja, wanadai wamekuja kukemea. Baba mdogo alikaa benchi la mbele, fimbo magotini, uso umekunjamana. Na DJ wa banda akashika kipaza sauti chake kututafsiria kama alivyozoea, ingawa sinema ilikuwa ya Kiswahili. "Anakuja, wapendwa! Huyo anakuja! Mama, toka humo ndani!"

Ikafika sehemu ya dirisha. Ukungu. DJ mwenyewe akanyamaza. Meneja akatokeza polepole, pembe kwanza, kisha ndevu, kisha macho yale ya manjano. Akatutazama. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Mimi sikuogopa hata kidogo, Baba, kwa sababu nilijua anatazama nini. Ulikuwa umesimama pale. Kwenye picha huonekani, lakini nilikuona kwenye macho ya mbuzi.

Ndipo sauti ikatoka, nzito, ya chini kabisa: "Kamwene."

Nilishtuka mpaka nikasimama. Ilikuwa sauti yako! Kumbe siku ile ya kuchukua picha ya dirisha, wapita njia walipita kando ya ukuta na mizigo yao ya kuni, kamera inaendelea kuchukua. Ulikuwa umekatazwa hata kupiga chafya, lakini Mhehe gani atapishana na watu asiwasalimie? Gwamaka aliniambia baadaye kwamba aliikuta sauti hiyo wakati wa kuunganisha picha, akaiona inatisha, akaiacha.

Sasa fikiria. Beberu yuko dirishani, ametukodolea macho, na anatusalimia kwa Kihehe. Na sisi tulivyolelewa, salamu lazima ijibiwe, mtoaji awe yeyote. Banda zima likaitikia kwa pamoja, kwa adabu zote: "Kamwene!"

Halafu wakatambua wamemwitikia nani.

Mweh! Mabenchi yalipinduka. Bati la ukutani liling'oka na misumari yake. Akina mama wa kwaya, waliokuja kukemea, walitokea dirishani pamoja na magunia. DJ alikimbia na kipaza sauti mkononi, tukamsikia kwenye spika anamwita mama yake mpaka waya ulipokatika. Nilicheka, Baba, nikacheka na machozi yananitiririka, sijui nacheka au nalia, vyote viwili.

Nilipofuta macho nikaona mtu mmoja bado amekaa. Baba mdogo. Fimbo imeanguka, hakuiokota.

"Rudisha," akamwambia Gwamaka.

"Niirudishe yote, Mzee?"

"Hapo. Hapo aliposema."

Gwamaka akarudisha. Meneja akatazama, nawe ukasalimia. Mdogo wako akaitikia taratibu, "Kamwene, kaka." Akasema rudisha. Ukasalimia tena, akaitikia tena. Alifanya hivyo mpaka sauti ikamwishia, na yale machozi aliyoyazuia kaburini yakamtoka yote pale kwenye benchi la banda umiza, mbele ya picha ya mbuzi. Nikaenda kukaa karibu naye.

Siku ya kumaliza matanga watu walikula ugali kwa maharage na kabichi. Mzee mzima wa kanisa, matanga bila nyama! Walinung'unika, wengine hata vidole hawakulamba. Wazee wa ukoo wakamuuliza baba mdogo yuko wapi yule beberu. Akasimama, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni tulikokuwa: "Mimi kaka yangu nilimkuta kaburini. Huyu mbuzi alikuwa naye kila siku. Anayetaka nyama, bucha iko senta." Akakaa. Na nilipopita na birika akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulisema kweli, mwanangu. Nisamehe." Chai ilinimwagikia mguuni na sikusikia moto.

Hajarudi Madibira bado. Anasema mpunga una watu wa kuuangalia. Jana alinipigia simu, sauti ya mtu aliyechoka, ananilalamikia kwamba Meneja hali vizuri, akifunguliwa anakwenda kusimama pale juu kwenye nyumba ya mzungu, anatazama pale ulipokuwa unasimama wewe, pasipo na mtu. Nikamshauri amkatie majani laini, ampe chumvi kidogo, labda atazoea.

"Leo ameanza kula," akasema. "Nimesimama mimi hapo."

Pumzika, Baba. Usihangaike na habari za huku, na ukikutana na mama usimwambie juu ya kitambaa, kilikuwa chake.

Binti yako wa mwisho,
Mlandege, Iringa