Kamba za Kichwa cha Nyati

Tangini, Kibaha
Jumapili

Mama mdogo Mwanakheri,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Kisarawe, wewe na Salama na bibi, na mguu wa bibi umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sina. Najua utashangaa kupata barua. Simu nimekupigia mara tatu wiki hii, na kila ukipokea naishia kuuliza habari za mihogo.

Salama ameniambia chuo kimekualika Jumamosi upokee ngao ya kumbukumbu ya mwanao, marehemu Mudathir. Mimi ndiye niliyepangwa kukukabidhi, kwa kuwa nilikuwa kaka yake hapa chuoni. Kabla hujapanda gari kuja, kuna mambo lazima uyajue.

Timu yetu inaitwa Nyati tangu chuo kilipoanza. Vazi la kwanza la nyati lilishonwa na mpishi wa bwalo kwa magunia na sponji la godoro, na mpaka leo kila mechi mwanafunzi mmoja hulivaa akacheza pembeni mwa uwanja. Wanasema mwaka mmoja mvaaji alivua kichwa anywe maji, na kabla hajameza tukafungwa bao lililotunyima kombe. Basi ikawa desturi kichwa kifungwe kwa kamba kisogoni. Anayefunga ni aliyevaa mwaka uliopita, naye hafungui mpaka filimbi ya mwisho. Aliye ndani haruhusiwi kuongea. Ni ujinga mtupu, lakini mwaka jana nilipovaa mimi nilitoka nimelowa chapachapa, nikajisifu wiki nzima.

Mechi ya Februari ilianza saa nane mchana, na jua la siku ile unalijua. Mwaka huu aliyevaa nyati ni Mudathir, na kamba nilimfunga mimi. Alicheza vizuri mno, hata mashabiki wa wageni wakampigia makofi. Dakika tisini ziliisha sare, zikaongezwa thelathini.

Msibani nilikueleza kwamba aliamka na homa akakataa kupumzika. Daktari naye nilimwambia hivyo hivyo. Salama ananieleza kuwa tangu hapo unairudia ile Alhamisi, Mudathir alipotaka kuja nyumbani ukamwambia asubiri mechi ipite. Unasema angekuja ungeona anaumwa, ungempeleka hospitali. Na kwenye arobaini ulinishika mkono mbele za watu, ukanishukuru kwa kuwa naye mpaka mwisho. Pilau ile niliila kama nakula mchanga.

Mama mdogo, Mudathir hakuwa na homa. Aliamka mzima, akala chapati nne, akanitania kwamba nyati wangu wa mwaka jana alikuwa mbuzi. Katika zile dakika za nyongeza alinijia, akanigeuzia kisogo, akawa anapapasa kamba kwa glovu zile nene. Nilimwambia avumilie, tunaongoza. Akaja tena, na safari hii akaongea, akaniambia hapati hewa. Niliangalia saa, zilibaki dakika sita. Kamba ilikuwa imelegea kidogo. Nikaikaza, nikamsukuma arudi kucheza.

Alianguka kabla ya filimbi. Watu walidhani ni mbwembwe, wakashangilia. Mimi nilijua si mbwembwe, na bado nilisubiri filimbi.

Homa niliitunga njiani kwenda hospitali, kwa woga. Sikujua kwamba ingekuangukia wewe. Kesho asubuhi nitamweleza mkuu wa chuo yote haya, na nikiitwa polisi nitakwenda. Jumamosi uje au usije, ngao hiyo sitaishika mimi.

Nisalimie bibi. Salama mweleze wewe, mimi sitaweza. Ila ile Alhamisi, nakuomba, iache. Angekuja nyumbani ungemwona mzima, mngekula naye, ungemwombea dua arudi salama. Naye angerudi kwangu, nikamfunga kamba zile zile.

Ni mimi,
Zaidi