Safari ya Kutazama Tu

Baba Zuhura, mume wangu,

Eda yangu imekwisha juzi. Dada yako alinivua zile nguo, nikaoga, nikafukizwa udi, nikaambiwa sasa naweza kutoka. Nikatoka mpaka uani, nikasimama kidogo, nikarudi ndani. Sikuwa na pa kwenda wala sikupatamani. Nakueleza haya mapema ili ujue kwamba anayekuandikia si yule mwanamke mwenye mdomo uliyemwacha. Nimekufa ganzi. Huzuni naijua, nilimzika mama yangu. Hii ni ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu: unauona ni wako, lakini ukiufinya hausikii.

Wanawake waliokaa nami matanga wamesema mengi, maana sikulia siku ile, sikulia siku ya arobaini, na sijalia hadi leo. Bi Somoe wa nyumba ya pili alisema mbele yangu kabisa, "Huyu moyo wake mkavu." Hata hamu ya kumjibu sikuwa nayo, nawe unajua Bi Somoe na mimi tulivyo.

Nakuandikia kwa sababu leo nilitakiwa kutoa jibu, na majibu ya namna hii tulizoea kuyatoa wawili. Mdogo wako Athumani anautaka ufunguo wa pikapu. Anasema ufuta umejaa Mtawanya hauna wa kuubeba, na gari limelala uani miezi minne, kuku wanataga ndani yake. La kuku ni kweli. Jana nilimwambia gari lina safari nyingine kwanza, ile iliyo kwenye daftari lako. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa.

Unakumbuka ilivyoanza? Shirika lilikuwa limekupunguza kazini, watu wakasema dereva wa malori amekwisha. Wewe ukachukua kiinua mgongo ukanunua pikapu kuukuu, ukaanza kubeba mpunga na ufuta wa watu kupeleka Kibiti. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Mitumba imejaa Ikwiriri, kila kibanda kina redio ya kaseti, na Bwana Jivan mwenye duka la vitambaa akaleta televisheni, akaiweka juu ya kaunta katikati ya majora ya khanga. Mpwa wake aliyekuwa Dar alimrekodia mchezo wa kuigiza wa televisheni kila wiki, akampa kondakta wa basi mkanda wa video. Jumamosi baada ya adhuhuri jenereta linawashwa, wanaume benchi la kulia, wanawake mkekani. Basi likikwama kwenye tope, hakuna mchezo. Siku moja mkanda ulifika umerekodiwa harusi ya binamu yao juu ya mchezo wetu, na kwa kuwa tulikwisha kaa, tukaitazama harusi mwanzo mpaka mwisho. Ulisema bibi harusi anaigiza vizuri kuliko yule binti wa mchezo wetu.

Sisi wengine tulitazama watu. Wewe ulitazama mahali. Binti analia kando ya maporomoko, anamtupia mchumba pete yake, duka zima kimya, na wewe sauti yako inatoka benchi la kulia: "Soni hapo! Njia ya Lushoto. Nimepita hapo na mbolea." Wapenzi wanajificha kwenye magofu, nawe: "Kaole, Bagamoyo. Nilipita na saruji." Nyumba ya mama mkwe, ile yenye ngazi za nje, hukuijua. Bwana Jivan ndiye aliyeijua.

"Hiyo iko Upanga, Baba Zuhura. Karibu na kwa shemeji yangu."

"Geti la shemeji yako rangi gani?"

"Kijani."

"Basi siyo. Hili la bluu."

"Bwana, rangi si wanapaka!"

Wanawake tukawapigia kelele mnyamaze, maana mama mkwe alikuwa anatia sumu kwenye chai na hatukusikia kaitia kikombe cha nani.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilikuuliza kwa nini unahangaika na mahali ulipokwisha kupita. Ulisimama katikati ya njia. Ukasema, "Mama Zuhura, nimeendesha nchi hii miaka kumi na minane. Nilikuwa natazama barabara. Dereva wa lori akitazama pembeni anaua watu. Nataka nirudi nikapatazame."

Nikakuambia, "Na sasa nani atakuwa anaendesha?"

"Mimi. Lakini tutasimama. Kila mahali tutasimama, hatujabeba mzigo wa mtu."

Hapo ndipo ukanunua daftari. Ukaandika safari ya kiangazi, barabara ikishakauka: Ikwiriri, Kibiti, Dar kutafuta geti, Bagamoyo kwenye magofu, kisha Chalinze na ile njia ndefu mpaka Soni na Lushoto. Mbele ya kila jina uliandika neno moja, "kusimama". Mimi upande wangu ulikuwa chakula. Nilisema tutabeba mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga, wale wanaoletwa kutoka Mbwera, ukasema samaki atanuka ndani ya gari mpaka Tanga. Ukaniletea sweta jekundu la mtumba kwa ajili ya baridi ya Lushoto. Nikalivaa jikoni, jua la saa saba, ukacheka ukasema nimekuwa mke wa mzungu. Nilikuwa na furaha, Baba Zuhura. Nakumbuka vizuri kwamba ilikuwa furaha, kama ninavyokumbuka jina la mtu ambaye sura yake imenipotea.

Halafu akaja Bi Somoe. Alisikia tunafunga safari ya mbali, akaja na mchele kwenye ungo, khanga kajifunika kichwani, uso umeanguka.

"Poleni jamani. Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki, Bi Somoe," ukamwambia.

"Harusi basi?"

"Wala. Twenda kutazama tu."

"Kumtazama nani? Anaumwa nini?"

"Kutazama nyumba. Na maji yanavyoanguka."

"Nyumba mwainunua?"

"Hatuinunui."

Bi Somoe akanigeukia mimi, kama ndiye mwenye akili afadhali. "Mwenzangu, watu wazima na akili zenu mpande gari siku tatu kwenda kutazama maji? Maji si haya, mto mzima huu!" Ukacheka mpaka ukashika mlango. Mchele akarudi nao nyumbani.

Wewe uliona kichekesho. Mimi kesho yake nilikwenda kisimani, na kisimani wakanipokea kwa jina jipya, Mama Mtalii. Mama Mtalii umeamkaje, Mama Mtalii kamera yako iko wapi. Mtu wa kwetu akisafiri ana msiba, ana mgonjwa, ana harusi au ana biashara. Asiye na moja kati ya hayo ni wa kuchekwa, na walicheka mwezi mzima. Hukuwa ukiteka maji wewe. Hukuyasikia yote, nami sikukusimulia.

Kiangazi kile hatukwenda. Masika yaliyofuata ulishikwa na homa Jumatatu, na Ijumaa tukakuzika baada ya sala. Tangu hapo ndipo nilipo.

Leo baada ya alasiri Athumani amekuja. Amenipa shikamoo yake, akakaa barazani, akaizungusha kofia mkononi kama unavyomjua akiwa na neno zito.

"Shemeji, nisamehe. Watu wanasema. Mjane katoka eda juzi, leo anataka kwenda kuzunguka kwenye nyumba za michezo ya kuigiza. Mimi ndiye ninayeulizwa."

"Unaulizwa nini?"

"Kama akili zako zimekaa sawa."

"Ukawajibu?"

"Niliwajibu una akili kuliko wao. Lakini hata mimi sijui unafuata nini huko."

Ndipo nikamwambia neno ambalo sijapata kumwambia mtu, hata Zuhura alipokuja kutoka kwa mumewe Kilwa akalala kando yangu siku saba. Nikamwambia kwamba mwaka jana gari lilikuwa limejazwa mafuta. Mikate nilikuwa nimekwisha kuandaa unga wake. Mimi ndiye niliyekuja kwako mlangoni nikakuambia tuache, twende mwakani. Sikukuambia ni kwa sababu ya kisima. Nilikuambia nimechoka. Nawe ulinitazama kidogo tu, ukasema, "Sawa, mwakani," ukaenda kuuondoa mkeka uliokwisha kuutandika nyuma ya gari. Nikamwambia Athumani: kaka yako amekufa hajatazama kitu, kwa sababu mimi niliwaogopa wanawake wa kisimani.

Athumani akaiweka kofia chini.

"Shemeji, mbona mimi aliniambia ni yeye?"

"Yeye nini?"

"Aliyeahirisha. Nilimuuliza mbona hamjaondoka. Akasema gari gia inalia, hawezi kumpeleka mkewe milimani na gia inayolia. Akasema, mwenzangu yuko tayari, mimi ndiye niliyemwangusha. Hivyo ndivyo alivyomwambia kila mtu. Hata Bwana Jivan alimtafutia fundi wa gia."

Gia ile haijapata kulia, Baba Zuhura. Mimi nimekaa kwenye gari lile kila wiki, naijua sauti yake kuliko ninavyojua ya redio. Kwa hiyo ulijua. Ulijua kuhusu kisima tangu mwanzo, ukanyamaza, ukaenda mitaani kujitwika aibu yangu, ukamwacha hata fundi akafungua gia nzima na kuifunga.

Athumani akasimama. Akasema ufuta umekauka, hauozi, Mtawanya watasubiri. Akasema kesho baada ya alfajiri ataendesha yeye, na mkewe atakaa katikati yetu, maana naye hajapata kuiona Bagamoyo, na watu wakitaka kusema watuseme wote watatu. Ufunguo nimempa. Kuku nimewatoa.

Sasa nikueleze nilivyo, kwa kuwa ndilo lililonikalisha kuandika. Sijalia. Huko tunakokwenda nitashuka kila mahali ulipoandika tusimame, na nitatazama, lakini siahidi kwamba nitaona kitu. Yamkini nitayatazama yale maporomoko kama ninavyotazama ukuta. Lakini tangu Athumani aondoke kuna jambo moja nalisikia, nalo ni hasira, na ni juu yako. Nimezunguka nyumba hii nikiisikia, nikipanga sufuria kwa kishindo. Miezi minne sijasikia chochote, na cha kwanza kurudi ni hiki.

Kwa nini hukunigombeza? Ungenikaripia siku ile pale mlangoni. Ungesema, wewe mwanamke unaogopa wateka maji, panda gari. Ningekujibu vibaya, unanijua. Tungerushiana maneno mpaka Bi Somoe asikie. Ningenuna mpaka Kibiti, pengine mpaka Dar. Lakini tungekwenda.

Mungu akulaze pema, mwenzangu. Kesho naondoka nikiwa nimekununia.

Mkeo,
Mama Zuhura