Vyuma Ulivyovizika Zizini

Baba Kulwa,

Nani alikutuma uzike vyuma zizini bila kuniambia? Miaka yote tunalala kitanda kimoja, tunakula sahani moja, kumbe una siri yako chini ya mavi ya ng'ombe. Halafu unakufa kimya kimya, unaniachia mimi kuulizwa na watu, "Bibi, mzee alikuwa anaficha nini?" Sikuwa na jibu. Mimi, kukosa jibu! Wewe unanijua.

Shikamoo yako nimeishikilia. Tangu nilipoolewa nimekuamkia kila asubuhi, hata siku ambazo nilikuwa nimekununia. Leo ngoja kwanza. Utaipata mwishoni, nikiona unastahili.

Naandika kwa mkono wangu. Mwandiko ni ule ule wa kisomo cha watu wazima, herufi kama kuku amepita kwenye unga. Kulwa alitaka nimtajie maneno ayaandike kwenye simu yake. Nimemwambia maneno yangu na baba yake hayapitii kwake.

Ilikuwa hivi. Ng'ombe wale wawili wa mwisho niliwauza baada ya kukuzika, maana nani angewachunga? Zizi likabaki tupu. Mvua za mwaka huu zilipoanza nikasema pale pana samadi ya miaka na miaka, acha nipande mahindi. Nikamwita Mashaka, yule jirani anayelimia watu kwa plau lake. Hakumaliza hata mzunguko wa pili, plau likagonga chuma. Mlio niliusikia nikiwa jikoni. Ng'ombe wake wakasimama, Mashaka akaruka kando akakimbilia nyuma ya choo. Mwanamume mzima, ana ndevu. Nikachukua jembe nikachimba mwenyewe, polepole, kwa pembeni. Ndiyo, najua, lingekuwa bomu sasa hivi ningekuwa huko nakugombeza ana kwa ana. Nyamaza.

Yakatoka masanduku mawili ya bati, rangi ya kijani ya jeshi, kila moja kama ndoo ndogo. Moja lilikuwa limeliwa na kutu mpaka kifuniko kimetoboka na udongo umejaa ndani. La pili lilikuwa limefungwa vizuri kwa mpira. Ndani turubai, na ndani ya turubai grisi, umeipaka kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Na ndani ya grisi, kitu cheusi kizito chenye mpini mdogo wa kuzungusha ubavuni, kama wa cherehani. Kina nyaya mbili, kengele mbili ndogo kama za baiskeli, na vyuma vilivyopinda kama kwato, ukisogeza sindano vinaivuta. Chini ya masanduku kulikuwa na gurudumu limeviringishiwa waya mrefu, na mikanda ya kubebea mgongoni iliyokwisha oza. Na mkuki mfupi usio na makali, usioweza kuua hata panya.

Watu wakajaa kama kuna msiba. Mwenyekiti akaita askari, kijana akaja akaviangalia, akasema si bomu wala silaha. Sasa ni nini? Akasema hajui, yeye amezaliwa juzi. Mashaka, aliyekuwa amesharudi kutoka nyuma ya choo, akasema ni mashine ya kusagia kahawa ya wazungu. Mama mmoja wa kwaya akasema ni redio ya wachawi, akaondoka bila kuaga.

Ndipo akaja mwanao kutoka Igoma. Kulwa, ambaye tangu tulipoweka saruji kwenye kaburi lako hakukanyaga hapa, duka lake la spea za pikipiki halimpi nafasi, mama yake hana nauli ya kumlipia aje. Chuma kimetoka ardhini asubuhi, yeye jioni amefika! Na hakuja peke yake. Alikuja na mtu wa kofia ya ngozi, anajiita mtaalamu wa mali za Mjerumani. Unayajua hayo maneno. Kila jabali la huku kwetu lina Mjerumani wake, eti alizika rupia chini yake kabla ya kukimbia, na kila mwaka kuna mtu anauza shamba ili achimbe.

Mtaalamu akavizunguka vile vyuma akitikisa kichwa. Akamwambia Kulwa ashike zile nyaya mbili, yeye akazungusha mpini. Baba Kulwa, mtoto alirushwa! Alipiga kelele kama siku ile nyuki walipomfuata kisimani. Mtaalamu akatwambia, "Mnaona? Mwenye mali yupo, anailinda. Anataka mbuzi mweusi." Akatoa mashine yake, ile ya kutafutia dhahabu, akapita nayo zizini, kimya. Akapita nayo uani, kimya. Akafika kwenye kaburi lako, mashine ikalia mwiii, mwiii, kama mtoto mwenye njaa. Akavua kofia. "Mali iko chini ya mzee. Mzee asogezwe kidogo tu, hatua nne. Jumamosi tunamaliza."

Nikamtazama Kulwa. Nikajua atamfukuza yule mtu kwa fimbo. Kulwa akatazama viatu vyake, akasema, "Mama, hata baba mwenyewe angefurahi tukipata."

Niliingia ndani nikafunga mlango, nikakaa upande wako wa kitanda.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu? Sijui kupika ugali wa mtu mmoja. Nimejaribu mwaka wa pili sasa. Nikipunguza maji unga unazidi, nikipunguza unga unakuwa uji. Kuku wanakula sehemu yako, wamenenepa mpaka hawatagi. Na watu wanasema siku hizi Bibi amekuwa mpole. Si upole. Wa kumgombeza hayupo. Nagombeza redio, nayo haina hata adabu ya kunyamaza. Jioni ile nikawaza, hata hili kaburi, ambalo nalifagia kila asubuhi nikilisema kwa majani yanayoanguka, nalo wanalichukua. Nitabaki namsema nani?

Asubuhi yake nikawa naosha chupa ya chai, ile ya maua mekundu. Nikaipindua kumwaga maji. Chini yake kuna maandishi, unayakumbuka? Vile vijumba vidogo vyenye paa na nguzo. Nikasimama na chupa mkononi. Yale maandishi nilikuwa nimeyaona jana yake. Nikatoka mbio, mimi na magoti haya, nikafuta grisi kwenye kile kitu cheusi kwa upindo wa kanga. Vijumba vile vile! Herufi zangu si nyingi lakini za kisomo nazijua zote, hizi hazimo. Na chupa kila mtu anajua imetoka China. Mjerumani gani anaandika Kichina?

Nikawaza, vitu vya kijani vya China, nani alikuwa navyo huku? Jeshi. Na nani alikwenda jeshi, akapigana Uganda, akarudi na sikio moja la kulia, la kushoto limeuawa na mzinga? Wewe. Na nani bado yu hai aliyekuwa nawe? Rafiki yako Bwire wa Nansio.

Alhamisi nikakifunga kile kitu kwa kanga, nikakitia kwenye kikapu, nikapanda meli. Mimi, ambaye ziwa nalipenda nikiwa nimelisimamia kwa mbali. Nimetapika kuanzia Mwanza mpaka gati la Nansio. Abiria mmoja akaniuliza nimebeba nini kizito hivyo, nikamwambia cherehani, naye asafiri kimya.

Bwire macho yamekwisha, hukujua hilo. Anatazama mahali ambapo hupo. Nikamwekea kile kitu mapajani. Vidole vyake vikapita kwenye mpini, kwenye kengele, kwenye zile kwato za sumaku. Akazungusha nusu mzunguko, tring. Akacheka. Halafu akatoa leso. "Shemeji," akasema, "hii si ndiyo simu yetu?"

Simu, Baba Kulwa. Simu ya jeshi. Wewe ulibeba gurudumu la waya mgongoni, yeye alibeba sanduku, mkuki unachomekwa ardhini, mwenzako kule mbali akizungusha mpini kengele inalia kwako. Sauti inataka betri, akasema, lakini kengele haitaki chochote, inataka mkono tu. Ukishika waya wakati inazungushwa lazima ikurushe. Huyo ndiye jini wa Mjerumani aliyemrusha mwanao.

Nikamuuliza kama uliiba. Bwire alikasirika. Akasema mlikwenda wote kwenye mnada wa vitu chakavu vya jeshi, miaka kadhaa baada ya kurudi uraiani, ukazinunua mbili mchana kweupe mbele za watu. Yeye alikuuliza za nini. Akaniambia ulivyomjibu, na mimi nakuandikia hapa ili ujue nimejua:

"Mke wangu anapanda jabali kuniita nikale. Mimi niko bustanini ufukweni, upepo wa ziwa na sikio hili, sisikii. Koo lake litapasuka. Na anadhani namdharau. Nitamwekea kengele."

Nilijifunika uso kwa kanga hapo kwa Bwire mpaka mkewe akaniuliza kama naumwa.

Maana kweli nilidhani unanidharau. Nilisimama juu ya lile jabali nikaita mpaka ndege waliruka, nawe umeinama kwenye nyanya zako, mgongo tu. Nikashuka na chakula kimepoa, nikakusema mbele ya wavuvi. Nawe ulitabasamu. Lile tabasamu ndilo lililoniudhi kuliko yote! Kwa nini hukusema tu, mama, sikusikia? Ulikuwa unaona aibu ya sikio? Kwangu?

Na siku ile ya gunia naikumbuka. Ulifika na baiskeli, gunia nyuma, uso unang'aa kama mtu aliyeoa tena. Nilikuwa nasonga ugali. Siku zile watu walikuwa wanasema anayekutwa na kitu cha jeshi anakwenda ndani. Nikaona kona ya kijani imechungulia kwenye gunia. Sikukuuliza ni nini. Nilikwambia, "Kavitupe ziwani vitu hivyo kabla sijavitupa mimi pamoja na wewe." Ukasema, "Sawa, mama." Ukaenda, ukarudi na baiskeli tupu, ukala.

Hukutupa. Ulipaka grisi. Ulikuwa unangoja nipoe.

Sikupoa, Baba Kulwa. Hilo ni kosa langu, naliandika kwa mkono wangu. Lakini nusu ni lako. Ungenigombeza hata mara moja. Mara moja tu ungepiga meza ukasema mwanamke nyamaza, hii ni yako. Ningenyamaza. Labda.

Jumamosi walikuja. Majembe mawili, sururu, mbuzi mweusi, na kofia yake. Walinikuta nimekaa juu ya kaburi lako na chupa ya chai ubavuni na simu mapajani. Walipoanza kuchimba miguuni kwako, nikawaambia wasimame. Nikamwonyesha Kulwa chini ya chupa, nikamwonyesha na simu. Akatazama huku, akatazama kule. Nikamwambia mtaalamu, "Baba, shika nyaya hizi." Akasema hawezi, mpaka mbuzi achinjwe. Mashaka, aliyekuja kutazama, akamwambia, "Shika bwana, au unamwogopa bibi?" Akashika. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote za kusonga ugali. Kofia iliangukia kwenye mihogo.

"Jini lako hilo," nikamwambia. "Linaitwa simu."

Akasema na mashine iliyolia je, mashine haidanganyi. Kweli, haidanganyi. Nikamgeukia mwanao. "Kulwa, nani alinunua nondo za kaburi hili?" Akasema, "Mimi." "Ngapi?" Akasema kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, "Nne, mama." Nikasema, basi mashine ya mwenzako imelilia nondo zako mwenyewe.

Mtaalamu aliondoka bila kofia. Mbuzi amebaki, nimemfunga zizini, simrudishi.

Kulwa hakuondoka. Nilimweleza habari za sikio, na jabali, na kengele. Hakuwa anajua. Watoto wetu wote walikua wakijua baba yao ni mtu asiyeitika. Alikaa chini kwenye udongo na suruali yake ya mjini, akakaa hivyo mpaka nikamwambia chozi halifukii shimo, chukua jembe. Amefukia. Amesawazisha vizuri kuliko mwanzo. Amesema atakuja kila mwisho wa mwezi. Tutaona.

Kisha nikamwambia anyooshe ule waya. Ile simu nzima iko kwenye kigoda karibu na kitanda changu. Ile iliyooza kwa kutu nimeisugua kwa majivu, imekaa kichwani pako, na mkuki umechomekwa kwenye udongo ubavuni pako. Waya unapita dirishani. Bwire ameleta salamu kwamba hiyo ya kwako haiwezi kulia, ndani imekwisha. Najua. Sina kichaa. Majirani waseme watakavyo, wamenisema kwa mengi.

Hapo ulipo hakuna atakayekusogeza hatua nne wala kidole kimoja, nikiwa hai. Na nikifa, nimemwagiza Kulwa anilaze upande wako wa kulia, wa sikio zima, nisije nikaanza tena kupasuka koo.

Haya. Umestahili. Kuanzia kesho, kila asubuhi kabla sijawasha moto, nitazungusha mara tatu. Hiyo ndiyo shikamoo yako. Usijifanye hujasikia. Itika.

Mama Kulwa