Kadi ya Dozi ya Watoto

Ijumaa, 7 Novemba 1997

Nimechoka. Nimekaa mbele ya ukuta tangu asubuhi na sijasogeza kadi hata moja.

Ukuta wenyewe ndio mradi wote. Kila kazi ya programu ya kompyuta tunayoziandikia zahanati ina kadi yake ya manila. Kushoto ni zile hatujaanza, katikati tunazohangaika nazo, kulia zilizokwisha. Iliyo juu ndiyo inayotakiwa kwanza. Nyuzi za katani zinaonyesha ipi inangoja ipi. Ukisimama tu mlangoni unaona tulipokwama. Ofisi ya Homa Bay ina ukuta kama huu, na kila Ijumaa mimi na Caren wa kule tunapigiana simu ili kuta zifanane.

Leo Caren amesogeza nyingine kulia. Dozi ya watoto! Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote — unaipa programu uzito wa mtoto, inakutolea jedwali la dawa ya malaria, na zahanati zitagawa dawa kwa jedwali hilo. Na Caren hata mwaka hajamaliza kazini. Upande wangu wa Migori, hesabu za stoo, kadi zimeganda katikati kama ugali wa jana. Nimeona wivu, niseme ukweli.

Jumatatu, 10 Novemba

Mahmud, mwenye nyumba, amepanda kutoka dukani kwake chini kukagua matundu ya pini. Akauliza kama ukuta wake umegeuka chujio. Nikamwambia ashukuru si misumari, tena misumari yenyewe anauza yeye. Alicheka, lakini alishuka akinung'unika.

Wesley, meneja wetu, hacheki siku hizi. Wafadhili watakuja Homa Bay Ijumaa. Wakikuta mambo yamekwama, Desemba kila mtu aende kwao. Kisha akaniambia niende nikajifunze kwa Caren anavyofanya. Mimi, niliyemfundisha kuwasha mashine. Haya. Nitaenda Jumatano.

Jumatano, 12 Novemba

Homa Bay. Mvua hii ya El Niño imekata barabara mara mbili, nimefika matope mpaka magotini.

Ukuta wa Caren unapendeza. Kadi karibu zote ziko kulia. Lakini umevimba. Nimeinua kadi ya dozi — nyuma yake karatasi za fulskepu tele, zimebanwa kwa pini hiyo hiyo, programu nzima kwa kalamu ya bluu. Nikainua nyingine. Vivyo hivyo. Kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki.

Transfoma iliungua mvua zilipoanza na umeme haujarudi. Caren amenieleza akitazama sakafu. Alimpigia Wesley siku ile ile. Wesley akamwambia aandike kwa mkono, na akishaandika asogeze kadi, mengine yatajipa.

"Mimi mbona hukuniambia?"

"Madam, wewe huwa unaniuliza tu kadi iko wapi."

Ni kweli. Kila Ijumaa ndilo swali langu pekee.

Alhamisi, 13 Novemba

Zubair wa duka la vipuri ametuazima jenereta. Mimi nasoma, Caren anachapa. Mgongo wangu jamani. Anaandika safi msichana huyu, kuliko mimi.

Alasiri tumejaribu dozi. Mtoto wa kilo nane — vidonge vinne. Hiyo ni ya mtu mzima! Tukarudia. Vinne. Walio juu ya kilo kumi wako sawa, wadogo wote wanapewa vinne. Caren akashika kichwa. "Yawa, Madam, hii itaua mtoto wa mtu."

Kosa hatujalipata. Tukiziba hapa linatokea pale. Inataka wiki nzima. Nimempigia Wesley. Akasema wageni hawaji kumeza dawa, wanakuja kuangalia ukuta. Kadi ikae kulia, kosa tutalitafuta wakishaenda.

Nimekubali. Sina nguvu ya kubishana.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika haya nyuma ya ofisi, nimekalia tofali kando ya tangi la maji.

Mambo yalianza vizuri. Wesley akapita ukutani na rula akieleza. Daktari Shamima, mkubwa wa wafadhili, akafuata uzi mmoja kwa kidole mpaka mwisho, akasema hajawahi kuelewa mradi haraka hivi. Tukapigiwa makofi. Kisha akasema boti inawangoja, wanavuka leo kwenda kisiwa cha Remba, malaria imezidi kule tangu mafuriko. Kwa kuwa kadi ya dozi iko kulia, tumchapishie majedwali sasa hivi, atayapeleka mwenyewe. Jumatatu mengine yaende zahanati ya Macalder.

Wesley akatabasamu. "No problem, Daktari. Monicah, print."

Nikamvuta kando nikamwambia haiwezekani. "Hii job ndiyo inalisha watu wote hapa," akasema bila kufungua meno. "Print."

Caren alikuwa ananitazama. Nikaenda ukutani, sijui hata nilikuwa nimekusudia nini. Nikang'oa pini, nikashika kadi na fulskepu zake zote, nikasema nakuja. Nikatoka.

Sasa iko hapa mapajani. Kule ndani pamebaki pengo, na nyuzi zilizokuwa zimefungwa pale zinaning'inia.

Dirisha liko wazi. Daktari anauliza pale palikuwa na kadi gani. Wesley ameanza kujibu — hapana, daktari anasema amemuuliza Caren.

Mungu wangu, nimemwachia Caren swali hilo peke yake. Naingia na kadi, nikaseme mwenyewe