Majibu ya Damu Yametoka, Mama

Mama,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kiti chako cha cherehani hapa Mkolani, na nina habari ambayo ungenifokea kwa kuichelewesha. Tumbo lako nimelirithi. Ile tuliyoiita amiba, hata ukanyweshwa mizizi kule Buzuruga, nafikiri ndiyo hii hii: vidonda vya utumbo mpana, vinavyopona na kurudi. Kumbe ugonjwa una jina, na dawa ipo.

Wananipima damu mara kwa mara. Kuna kipimo kinachoonyesha kama ndani ya mwili kuna uvimbe unaowaka. Namba ikishuka, dawa inafanya kazi. Yangu ilikuwa juu mno, jamani. Safari hii imeshuka mpaka daktari akatabasamu, akaniuliza, "Unaendeleaje, dada?"

Nikakukumbuka. Nawe uliulizwa hivyo hivyo na daktari wako, ukamjibu, "Vizuri tu, mwanangu. Nyumbani kwako hawajambo?" Adabu yako ilipitiliza, Mama! Asubuhi ile ulikuwa umekwenda chooni mara nane, na damu niliiona kwa macho yangu. Daktari akaandika una nafuu. Mimi nimekaa pembeni yako, mtu mzima na akili zangu, nikanyamaza, kwa kuwa mtoto hamsuti mama yake mbele za watu. Miezi minne baadaye tukakuzika. Kimya kile kinaniuma kuliko tumbo. Nisamehe.

Basi mimi nikamwambia daktari wangu, "Daktari, karatasi inasema vizuri, lakini bado naumwa. Jana nimeona damu chooni." Niliona aibu, kana kwamba nimemtukana. Wala hakukasirika. Alisema damu ya mshipani inaweza kutulia na utumbo bado unaumwa, na kwa wengine kipimo hicho hakipandi kabisa. Ndiyo maana huwa anauliza. Ameagiza kipimo cha choo, na wiki ijayo wataniangalia utumbo kwa kamera. Naogopa, sikufichi.

Neema, mjukuu wako, atanisindikiza. Sasa ni msichana mkubwa, ana macho yako na mdomo wa baba yake. Jana nilimketisha nikamweleza kila kitu, hadi habari za choo, akacheka kwanza, kisha akalia.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitasema ninavyoumwa. Na kama siku moja nitashindwa, Neema nimeshamruhusu: anisute pale pale, mbele ya daktari.

Mwanao,
Pendo