Kioo cha Kutazamia Jua

Jumapili, 3 Februari 1952

Picha zimerudi kutoka Bukoba. Mwezi wangu — punje ya ulezi! Punje moja kwenye karatasi nyeusi, na hata hiyo imetikisika, maana kamera niliiweka juu ya ua na upepo ukapita. Filamu nzima imekwenda hivyo.

Kyarisiima, mke wangu, alichungulia begani kwangu. Akauliza mwezi uko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, aa, alidhani ni uchafu. Hakusema kwa ubaya, ila nimezificha picha ndani ya Biblia, asizione tena.

Kalenda ya misheni inasema jua litapatwa Jumatatu tarehe 25, mchana kweupe. Mwalimu mkuu, Byabato, ameniahidi kwamba nikilipiga vizuri ataitundika picha darasani kwangu, wanafunzi wajifunze. Watasema: Mwalimu Sostenes wa Igurwa na jua lake! Nitaipata hiyo picha, hata kwa kamera hii ya boksi.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili makusudi. Nyumbani ni Kinyambo tu, na cha darasani ni cha kitabuni. Hatibu mwenye duka pale Omurushaka anakisema kama mtu anayekunywa maji. Wazee wake walitoka Pangani. Nami nataka kinikae mdomoni.

Jumamosi, 9 Februari

Leo nimemsindikiza mke wangu kupeleka samli kwa Hatibu. Heri nisingekwenda.

Hatibu naye ameupiga mwezi. Wa Jumapili iliyopita, ule wa nusu. Mkubwa kama mdomo wa kikombe! Una mashimo, una ukingo, unaona kabisa mahali giza linapoanzia. Nilisema ni mzuri.

Ana darubini ya mjomba wake aliyepigana Burma. Ameifunga kwa kamba mbele ya kamera, vyote viwili akavilaza juu ya gunia la kahawa ili visitikisike. Gunia la kahawa! Mimi nina magunia mawili nyumbani na sikuwaza. Na hapeleki picha Bukoba. Anazisafisha mwenyewe katika chumba cha nyuma, taa ameifunga kitambaa chekundu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alimpa Kyarisiima picha aishike. Akamwambia: shemeji, tazama hapa ukingoni, hivi ni vivuli vya milima. Naye akauliza: milima ina watu? Ina maji? Mbona upande huu hauonekani? Maswali tele. Miaka miwili ya ndoa, mimi ameniuliza moja tu la mwezi: uko wapi.

Hatibu anataka tulipige jua pamoja hiyo tarehe 25, uani kwangu, kwa kuwa kilima chetu kiko wazi. Darubini yake, kilima changu. Nimekubali. Ningesemaje?

Jumatatu, 11 Februari

Byabato ametundika mwezi wa Hatibu. Darasani kwangu! Juu ya ubao, kwa misumari minne. Nimefundisha hesabu asubuhi nzima nikiwa na mwezi wa mtu kisogoni.

Jioni mwezi wenyewe ulichomoza mpevu, mwekundu, mkubwa. Nikaupiga mara tatu, boksi likiwa juu ya gunia la kahawa. Hata gunia ni akili yake.

Nina wivu. Nimeshaandika. Basi.

Alhamisi, 14 Februari

Jua halipigwi hivi hivi, lazima kuwe na kioo chenye masizi mbele ya lenzi. Nimekata vipande vya dirisha lililovunjika la stoo ya shule. Nikavishika juu ya taa ya mafuta. Masizi mazito hapa, mepesi pale, ukigusa yanabanduka kama ngozi ya nyoka. Vidole vyeusi, shati jeusi.

Kyarisiima alikuwa uani akifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi, yasichache. Kile chungu chake kidogo, nyasi zinaungua taratibu ndani bila kuwaka, kibuyu kimeinamishwa juu yake. Akanitazama kitambo. Kisha akasema: nipe hicho kioo nikifukize. Moshi wangu hauna haraka, unakaa sawasawa.

Nikacheka. Nikamwambia moshi wa maziwa na jua wapi na wapi.

Akarudi kwenye kibuyu chake.

Jumapili, 17 Februari

Baada ya ibada dada yangu Adelgunda alinivuta kando. Eti mke wangu hukaa pale dukani zaidi kuliko samli inavyohitaji. Jumatano yupo, Jumamosi yupo, na jana kamwona anacheka. Nikamwambia samli lazima ipimwe. Adelgunda akasema, haya, ipimwe.

Njia nzima nimeenda nyuma ya Kyarisiima nikiitazama shingo yake. Ni mzuri mke wangu. Kwao Rugu waliniuliza mara mbili kama mshahara wa mwalimu utamtosha, maana alizoea ng'ombe wengi. Sasa naona wangeuliza na mengine.

Alhamisi, 21 Februari

Hili lazima niliandike.

Baada ya shule nimepanda baiskeli hadi Omurushaka. Hatibu alinipokea kwa furaha, Mwalimu karibu, kuna kitu cha kukuonyesha. Akatoa picha ya jua. Duara safi, ukingo kama umekatwa kwa wembe, na madoa mawili meusi katikati. Madoa ya jua lenyewe! Nikauliza kioo alikipaka nini. Akacheka tu, akasema kuna watu wana mikono, Mwalimu. Mteja akaingia kutaka chumvi, akaenda kumhudumia.

Kioo kilikuwa mezani, juu ya kitambaa. Nikakiinua kwenye mwanga. Masizi ya rangi ya kahawia, membamba, sawasawa toka pembe hadi pembe. Nikakinusa.

Mimi mtoto wa wafugaji. Kila mwanamke ana nyasi zake anazochanganya, na maziwa ya kila nyumba yana harufu yake. Hii ni harufu ya nyumba yangu. Ndiyo ninayokunywa asubuhi.

Basi Kyarisiima alikifukiza kwangu, uani kwangu, mimi nikiwa darasani chini ya mwezi wa Hatibu. Akampelekea jana pamoja na samli.

Nikapitisha kidole gumba katikati ya kioo. Mara moja. Nikakirudisha kifudifudi juu ya kitambaa, nikaaga. Hatibu alinisindikiza hadi barabarani akinishikia baiskeli.

Ijumaa, 22 Februari

Nimemuuliza. Hakukana. Hatibu alimwomba, naye akafanya. Nikasema mke wa mtu hafukizii mwanamume mwingine. Akasema kioo si kibuyu. Nikasema moshi ni ule ule. Akasema: wewe nilitaka kukufukizia kabla yake, ukacheka.

Nikapaza sauti. Nikamwambia akome kufukiza vitu vya watu. Akome kabisa.

Sawa, akasema.

Jumapili, 24 Februari

Tangu juzi hafukizi kitu. Si kioo, si kibuyu. Chungu chake amekifunika na kukiweka juu ya dari. Maziwa ya nyumba hii sasa yana ladha ya maji ya mvua, na kesho yake yanachacha. Nimekunywa hivyo hivyo.

Leo alikuja baba yangu, Mzee Nuwagaba. Tukamsalimu, akakaa, akaletewa maziwa. Akameza mara moja, akakiweka kibuyu chini. Akaniuliza kwa upole kama mke wangu anaumwa. Nikasema ndiyo, kidogo. Kyarisiima alikuwa mlangoni. Akasema, siumwi, baba, mwanao amekataza moshi. Akaondoka na kibuyu.

Mzee alitazama miguu yake. Alipoinuka kwenda alisema jambo moja tu: nyumba yenye ng'ombe na haina moshi, watu watasema mwanamke amekwisha kwenda kwao.

Nimekwenda kutazama sanduku lake. Nguo zimekunjwa ndani, zote. Sijui kama zilikuwa zimekunjwa siku zote. Sijawahi kulifungua.

Jumatatu, 25 Februari

Saa tatu asubuhi. Mbingu safi! Wingu moja upande wa Rwanda, halina nguvu. Byabato amewafungia watoto wote darasani, madirisha yamefungwa, wasije wakaharibu macho. Mimi kaniruhusu. Nina daftari hili mkononi niandike saa ya kila picha. Vioo vyangu vinne vya taa ya mafuta vyote vimebanduka usiku.

Hatibu amefika na baiskeli, darubini kaifunga mgongoni kama mtoto. Hodi, hodi — mgeni njoo mwenyeji apone! Kyarisiima amemjibu kutoka ndani, karibu. Hakutoka.

Tumelaza kamera juu ya gunia. Ya kwake. Yangu nimeiacha ndani, haina kazi.

Saa nne na kitu. Limeanza! Upande wa kushoto, juu, kama limeumwa na jino. Hatibu kafungua kitambaa, kakiinua kioo chake. Katikati pana njia nyeupe, upana wa kidole. Amesema lazima kimesuguana na kitambaa njiani, barabara mbaya, kosa lake mwenyewe. Anajilaumu! Mimi nimeinama nikikaza kamba ambayo haikuhitaji kukazwa.

Ameita: shemeji, nisaidie tena, jua linaondoka.

Kyarisiima ametoka. Kakitazama kioo. Kaiona ile njia. Kisha kanitazama kidole, si uso. Najua alichokiona. Akamwambia Hatibu, kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mwenye nyumba amekataza. Muulize yeye."

Hatibu kageuka kwangu. Kicheko kimemwisha usoni, nadhani sasa ndipo ameelewa. Akasema pole pole, "Mwalimu, kama kuna neno, mimi nirudi zangu."

Nikamwambia Kyarisiima, "Haya, fukiza."

Hakusogea. Hatibu katazama chini. Kule juu jino linazidi kuingia, na kuku wameanza kujikusanya karibu na banda.

"Kuuliza si ujinga, na kuomba pia, Mwalimu," Hatibu akasema, kama anayezungumza na gunia.

Nikasema naomba. Nikarudia kwa Kinyambo. Nikamwambia Kyarisiima, naomba unifukizie kioo. Sikumbuki kama nimewahi kumwomba kitu; huwa nasema leta.

Akaingia ndani. Nimesikia chungu kikishushwa kutoka darini.

Saa tano na robo. Jua limebaki kama mwezi wa siku chache. Mwanga umekuwa wa ajabu, si jioni, si asubuhi, vivuli vyembamba. Baridi. Ng'ombe wa jirani wanarudi peke yao. Moshi unatoka jikoni — ile harufu! Tangu Ijumaa sijainusa. Hatibu ameinusa pia, nimemwona, na wivu umenishika upya kama mjinga.

Kyarisiima ametoka. Kioo kimoja, kwenye viganja viwili, asikiguse katikati. Tumenyoosha mikono wote wawili, mimi na Hatibu.

Hakumpa mtu. Amekiweka mbele ya jicho lake mwenyewe, ameinua uso.

Sijawahi kumwona akitazama juu. Mdomo umefunguka kidogo. Picha haijapigwa hata moja na jua linapita, lakini hakuna anayethubutu kumnyang'anya. Sijui nisimame wapi. Naandika tu.

Hatibu ameuliza, "Unaona nini, shemeji?"

Kaniwahi tena. Swali lilikuwa langu. Lilikuwa langu tangu ile punje ya ulezi.

Ameshusha kioo. Hajamjibu Hatibu. Ananitazama mimi, anangoja, na mimi bado naandika