Sentensi Arobaini za Shefu

Bukavu, Ijumaa

Papa mpendwa,

Nakusalimia wewe na maman, na wote wanaoota moto pamoja nanyi huko Luhwindja. Goti lako linasemaje? Maman amepona malaria? Mimi mwili ni mzima, ila nina hasira hata chakula hakishuki. Nimeona nikuandikie wewe, kwa kuwa ni mwalimu mwenzangu. Barua hii anaibeba sista anayepanda huko kwa miguu, maana vita bado vimefunga njia ya magari.

Unajua kwamba nafundisha Kiswahili wageni wa shirika moja linalowasaidia waliokimbia vita. Kabla ya kuanza tulipewa mafunzo ya majuma mawili. Mwalimu wetu, maman mmoja mkali, alitukataza kuwaimbisha wanafunzi sentensi za kukariri. Alisema mtu hujifunza lugha kwa kufanya nayo jambo: anunue sombe sokoni, apotee aulize njia, akataliwe abembeleze. Usicheke, papa. Wewe ulituimbisha Kifaransa miaka sita, na padri mgeni alipotuuliza maji yako wapi, darasa zima tulimjibu kwa kusimama na kusema bonjour.

Basi nilipofika kazini, shefu wa programu, mkubwa wetu wa kazi, mgeni naye, akanipa karatasi yenye sentensi arobaini. Simama hapa. Jina lako nani? Uko na kadi? Bwana yako iko wapi? Anayefuata. Zote ni maswali na amri, jibu hata moja hakuna. Nilimwambia mafunzo hayakusema hivyo. Akasema hakuna muda. Nami, kwa aibu nakuambia, nikawaimbisha. Mwanafunzi wangu hodari alikuwa Ingrid, msichana mpole kabisa, na matamshi yake yalikuwa safi kuliko ya wengi waliozaliwa hapa.

Juma lililofuata tulikwenda kugawa blanketi na maharagwe kwenye parokia walikolala watu waliokimbia Mumosho. Ingrid alikaa mezani na karatasi yake. Mama mmoja mzee akafika na wajukuu watatu. Ingrid akamuuliza bwana yake yuko wapi. Yule mama akaanza kueleza tangu mwanzo, jinsi walivyovamiwa, jinsi mzee wake alivyobaki nyuma. Ingrid hakuelewa kitu, akasubiri apumue, akahamia kwenye swali la kadi ya utambulisho. Kadi iliungua pamoja na nyumba, na mama alilisema hilo wazi kabisa. Ingrid akatabasamu: "Asante, maman. Anayefuata."

Mimi nilikuwa mwisho wa uwanja nikipanga watu; haya alinisimulia yule mama baadaye. Nilipofika mezani vitu vilikuwa vimekwisha. Papa, niliona aibu ambayo hadi leo siwezi kuisahau. Sauti ile iliyomfukuza yule mama ilikuwa imetoka darasani kwangu.

Kesho yake nilirudi kwenye yale niliyofundishwa. Nilimweka maman Vumilia, anayefagia ofisi, nyuma ya meza, nikampa zile sentensi arobaini na kumkataza kusema lingine lolote. Nikamwambia Ingrid: huna kadi, nyumba imeungua, kazi yako leo ni kupata blanketi, kwa Kiswahili tu. Wenzake walicheka mwanzoni. Ingrid alieleza, akaonyesha kwa mikono, akaeleza tena. Maman Vumilia alimsikiliza vizuri, akatazama karatasi, akasema: "Asante. Anayefuata." Ingrid akawa mwekundu, akapiga meza akisema bado hajamaliza kusema. Hapo hakuna aliyecheka.

Jumamosi ya juma lililofuata alikwenda parokiani bila karatasi, akaketi chini na yule mama mpaka akamaliza habari yake. Aliniambia alielewa nusu tu. Lakini nusu hiyo ilitosha: aliandika majina yao, wakapata blanketi. Ila siku nane walikuwa wamelala kwenye sementi, na baridi hii ya kiangazi unaijua. Mjukuu mdogo alikuwa amekwisha kulazwa, kifua kimembana.

Jioni hiyo Ingrid alikuja kwangu na daftari lake.

"Mwalimu," akasema, "kuomba musamaha, wanasema namna gani?"

Nilimwambia haimo katika zile arobaini. Kisha tukaketi, nikamfundisha.

Leo shefu ameniita. Kumbe kosa ni langu. Eti tangu Ingrid aanze kusikiliza, foleni haisogei. Akasema analipia Kiswahili cha kazi, hakulipia mchezo wa kuigiza. Nilimuuliza ni kazi gani hiyo ya kuuliza watu bila kutaka jibu. Akafunga faili. Jumatatu asubuhi atakuja kukaa darasani, na nisipoimbisha zile arobaini, nichukue mkoba wangu niende.

Nimefikiri mchana kutwa, na sitaimbisha. Atakapoingia nitampa kiti, kisha nitamwomba asimame kwenye foleni, mbele ya maman Vumilia, bila kadi. Mkisikia nimefukuzwa, msiseme nilikosa adabu. Niliwahi kukosa adabu mara moja, pale parokiani, na nilikuwa nimelipwa kwa hilo.

Msalimie shangazi anayetufumia vikapu, na kaka yangu mkubwa, aache kubishana na walinzi wa kizuizi. Maman mwambieni sala zake nazihitaji, hasa Jumatatu saa mbili.

Ni mimi binti yenu,
Nsimire, mwalimu hadi Jumatatu